Vyuma Sita vya Dirisha la Nyuma

Kanyosha, Bujumbura, tarehe 8 mwezi wa tatu 1998

Yaya Dorothée,

Dada yangu mukubwa, pokea salamu ya mi mudogo wako. Niko muzima, muke wangu Annick iko muzima, watoto wanakula na wanapiga kelele, njo afya. Benite mutoto wako amemaliza mwaka wa kwanza wa kusomea kutunza wagonjwa, amefaulu, sasa anatembea hapa mu mitaa ya kartie kama dokta mukubwa. Mama anakusalimu. Amesimama nyuma yangu, anaangalia barua juu ya bega, na hajui kusoma. Anasema nikuulize kama unakula. Nimemwambia, yaya anauza vitenge Kigoma, atakosa je kula? Anasema andika. Basi: unakula?

Ulienda kwa wiki mbili, vikwazo vya nchi jirani vikakufungia huko, leo ni mwaka wa pili. Lakini usijaribu mitumbwi ya kujificha. Mama bado anakumbuka vile ulimwapia hautaipanda.

Yaya, kazi ni mingi mpaka naogopa. Tangu vita imekaribia hii milima ya juu yetu, kila mutu anataka vyuma ku dirisha. Asubui nafungua mulango ya lupango, kiwanja yangu ya kazi, nakuta watu wanne wamesimama, vipimo vya dirisha wameandika ku mukono kwa biki. Na mi niko na posti gani? Ile mashine ya kuchomelea fundi Honoré wa viwanda vya Zone Industrielle alinizungushia kwa waya ya moteri iliyokufa. Baada ya bageti tatu za kuchomelea inatoa moshi. Naipepea na kifuniko cha sufuria. Juzi mutu mumoja amepita njia akaniuliza kama nachoma brochette za mbuzi.

Vyuma nyembamba inashika. Chuma nene inalamba juu tu, ukipiga nyundo kinaanguka. Njo maana nyumba ya Mama na Benite sijamaliza. Madirisha matatu nimefunga. Ya nyuma, ya jikoni, bado. Fundi aliyenifundisha Uvira alisema kila nyumba iwe na dirisha moja ya kufunguka toka ndani, vyuma vikae ku fremu yenye bawaba na kufuli. Bawaba ni chuma nene, posti yangu haiwezi. Kwa sasa nimepiga mbao.

Nitafutie posti ya nguvu huko Kigoma, ata kama imetumika. Hapa ku bandari akuna kitu kinashuka. Ikifika, ile dirisha njo itakuwa kazi ya kwanza.

Mi mudogo wako,
Cirimwami


Kigoma, tarehe 2 Aprili 1998

Mdogo wangu Cirimwami,

Barua yako Abdu wa mtumbwi kaniletea ndani ya gunia la samaki wa ndagala, chumba kinanuka hadi leo. Mimi mzima. Mwambie Mama ninakula, tena nimenenepa, mikono ya blauzi imeanza kunibana. Benite mpe hongera zangu na mwambie aache maringo, mwaka wa kwanza si udaktari. Annick na watoto wasalimie.

Haya, sasa nisikilize. Nilikuwa nasoma vizuri, nacheka na brochette zako, nikafika kwenye mbao. Mbao! Nilisimama katikati ya chumba nimeshika kichwa. Cirimwami, una akili timamu wewe? Milima inalia risasi, watu wanaingiliwa majumbani, na wewe fundi wa vyuma Kanyosha nzima unamfungia mama yako dirisha kwa mbao? Mtu akipiga teke moja tu yuko jikoni, na mwanangu wa kike yumo humo ndani! Usiku sikupata usingizi, ninaziona hizo mbao.

Mambo ya fundi wako wa Uvira yalikuwa ya wakati wa amani. Chukua vyuma vyembamba, chomelea moja kwa moja ukutani, pande zote, usiache hata tundu la paka. Bawaba utaweka siku posti ikifika. Mimi ndiye mkubwa wako na nimesema.

Kuhusu posti, nimekuwa mwanafunzi. Sikujua kama mashine zina matumbo. Kuna moja yenye injini yake ya mazuti, yaani dizeli, haihitaji umeme, lakini kuiinua wanaume sita. Nyingine ni ya umeme, iko kwenye duka la Sami, bwana mmoja wa Kiarabu. Inang'aa, rangi ya buluu, utadhani imetoka kiwandani jana. Fundi mmoja hapa aliniambia nisinunue rangi, niangalie waya: shaba inavumilia, aluminiamu inaungua. Nikachomoa pini kwenye nywele, nikakwaruza waya. Nyeupe pe! Aluminiamu imepakwa rangi ya shaba! Sami kashika kidevu, eti na yeye hakujua. Nikarudisha pini kichwani, nikaondoka.

Niambie, ya mazuti au ya umeme?

Dada yako,
Dorothée


Kanyosha, tarehe 27 mwezi wa ine 1998

Yaya,

Tuko wazima wote. Mama anakusalimu, amefurahi vile umenenepa, lakini anasema hakuamini, ulete picha. Benite anakusalimu, anasema maringo hajaanza bado.

Umenitukana mpaka Annick akachukua barua akaisoma tena kwa sauti, wakacheka na Mama. Mi sikucheka. Nilitaka kukujibu kwamba fundi wangu hakusema mambo ya amani wala ya vita, alisema nyumba. Halafu nikaona apana, we ni mukubwa, na ukweli mbao ni mbao. Jana nimeenda. Vyuma sita, milimita kumi na mbili, nimezamisha ku ukuta na nimechomelea ku pembe zote. Posti ilipumuzika mara tisa. Nimevuta kwa mikono miwili, nimetundika mwili yangu yote, ata kutikisika akuna. Mama ameangalia akasema sasa yeye ni kuku wa kununuliwa, wa ndani ya tenga. Lala basi usingizi.

Posti ya mazuti usichukue. Mazuti hapa inauzwa mu chupa, na ile chupa utaitafuta siku mbili. Umeme unakatika, ni kweli, wanaangusha nguzo, lakini unarudi. Chukua ya umeme, shaba tupu, ampere mia mbili na makumi tano. Ile pini yako njo iwe fundi.

Cirimwami


Kigoma, tarehe 30 Mei 1998

Mdogo wangu,

Habari za hapo? Mimi mzima, biashara inakwenda kidogo kidogo. Picha ya kumpelekea Mama nitapiga nikipata blauzi ya kunitosha. Kwa dirisha la nyuma, asante sana, umenipa usingizi.

Nimeipata! Nakwambia nimeipata! Ilikuwa ya karakana moja ya wamisionari waliofunga na kuondoka. Mbaya wa sura, kutu kila mahali, gurudumu moja limepotea, lakini nilipokwaruza, nyekundu! Shaba tupu! Nilipiga kigelegele pale pale, fundi akadhani nimeumwa na nyoka. Tumeijaribu kwenye chuma cha reli. Mwanga ule! Nilisahau kufumba macho, machozi yamenitoka siku mbili, majirani wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Sasa inalala chini ya kitanda changu, inangoja boti. Abdu anasema kwa mtumbwi wake haiwezekani, utazama nayo. Tusubiri. Wanasema vikwazo vitalegezwa.

Mama anasemaje? Niandikie maneno yake kama anavyoyasema mwenyewe.

Dorothée


Kigoma, tarehe 11 Julai 1998

Cirimwami,

Sijapata jibu. Abdu amepita mara mbili na mikono mitupu. Mara ya kwanza alisema hakukukuta. Mara ya pili alikataa chai yangu. Abdu, kukataa chai! Alikuwa ananipimia ndagala huku anaangalia chini, akaniongezea vikombe viwili bila kuombwa, akaondoka mbio. Kuna nini? Mmehama? Redio inasema Kanyosha ilipigwa mwezi wa sita, inasema tu hivyo halafu inapiga muziki.

Andika hata mstari mmoja.

Yaya wako


Kanyosha, tarehe 3 mwezi wa munane 1998

Yaya Dorothée,

Salamu. Mi niko muzima. Annick na watoto wako wazima. Benite iko, anakaa kwetu sasa. Hawezi kuandika, mikono inamuuma kidogo, inaendelea muzuri.

Nisamehe kuchelewa. Nakuomba kitu kimoja. Ile posti, uiuze. Usiilete. Nitafutie kichwa cha kukatia chuma kwa gesi, pamoja na mipira yake miwili ya kupitisha gesi. Chupa za gesi ziko hapa Zone Industrielle, kichwa cha kukatia njo akuna. Lakini kiwe cha gesi, kisiwe cha umeme. Umeme unakatika wakati mubaya.

Ni hiyo tu.

Cirimwami


Kigoma, tarehe 24 Agosti 1998

Cirimwami,

Barua yako nimeisoma mara nane. Ya kwanza nilikasirika. Nilitukana peke yangu, nikapiga teke posti, kidole kikavimba. Miezi mitano ninakwaruza waya za watu kwa pini, nimejifunza ampere katika uzee wangu, ninalala juu ya kutu, halafu wewe unaniambia niuze! Na kichwa cha kukatia cha nini? Wewe unaunganisha, tangu lini unakata?

Ya pili nikaona mikono ya Benite. Inamuuma nini? Kwa nini anakaa kwenu wakati ana nyumba yake na bibi yake?

Ya tatu nikaona kitu kingine, na tangu hapo nimekaa kitandani. Hukuniandikia salamu za Mama. Miaka miwili, kila barua, "Mama anakusalimu." Mara hii hakuna. Nikageuza karatasi, nikaangalia ndani ya bahasha. Hakuna.

Nakuonya, Cirimwami. Usithubutu kuniandikia kwamba anaumwa. Tumekulia nyumba moja, najua mtu wa mbali anaandikiwa "anaumwa sana, njoo" maana yake ni nini. Baba tuliambiwa anaumwa alipokuwa amekwisha kuzikwa siku tatu. Niandikie kwamba alikuwa sokoni ulipokuwa unaandika. Niandikie kwamba mmegombana. Nitaamini.

Dorothée


Kanyosha, tarehe 20 mwezi wa kenda 1998

Yaya wangu,

Salamu za hapa ni zile za mwezi uliopita. Benite anaanza kushika kikombe.

Mambo mengine usiniulize kwa karatasi. We unajua desturi yetu, na huko uko peke yako mu chumba, hauna ndugu ata mumoja wa kukushika. Mukubwa wa kanisa alitaka kuvuka aje kukuona na wamama wawili wa kanisa, boti imekosa. Njo nilinyamaza. Si vile nakudharau.

Nikuambie kazi. Sichomelei tena. Nazunguka ku nyumba nilizofunga, naomba watu wanikubalie nifungue dirisha moja, niweke bawaba na kufuli ya ndani. Bure, silipishi. Nimefunga nyumba makumi mbili na moja tangu mwaka jana, yaya, na zote nimefunga kama nilivyofunga ile. Wakubwa wa nyumba wanakataa! Pierre, yule anauza simenti, amenifukuza. Anasema: "We njo ulinifungia, na nilikuita juu we ni mukali wa kufunga. Leo unataka kufungulia mwizi mulango?" Nimesimama ku barabara na musumeno yangu. Mutu namuambia nyumba yake ni mutego, ananiangalia kama mulevi. Mpaka sasa wamekubali wane tu.

Na musumeno ya mukono ni pole pole. Chuma kimoja cha milimita kumi na mbili, ukikata juu na chini, ni robo saa, kama meno bado mapya na kama mikono haijachoka. Nimepima muzuri. Vyuma sita, piga hesabu. Njo maana nataka ile ya gesi. Ya gesi inakata kimoja kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Cirimwami


Kigoma, tarehe 18 Oktoba 1998

Mdogo wangu,

Nimepiga hesabu. Saa nzima na nusu.

Posti nimeuza. Nimekwenda kwa Sami yule yule na nimempa sharti moja, anitafutie kichwa cha kukatia cha shaba halisi. Safari hii alinipa mwenyewe pini nikwaruze. Ninacho, kimefungwa ndani ya kitenge.

Sasa niseme langu, maana wewe hutasema. Tarehe mbili ya mwezi wa nne nilikaa kwenye kiti hiki hiki nikaandika usiache hata tundu la paka. Nikaandika mimi ndiye mkubwa na nimesema. Ulikuwa na mbao, mtu angepiga teke akatoka. Mimi ndiye niliyeziondoa zile mbao, Cirimwami, nikiwa mbali, nimeshiba. Halafu nikakuandikia asante sana, umenipa usingizi!

Wewe ulijua kazi yako na mimi nikakunyamazisha kwa ukubwa. Kama ulinificha ili nisije nikajua mkono wangu umefanya nini, basi nimejua. Sijalia. Sina ruhusa ya kulia kwa sababu hakuna mtu aliyeniambia kitu.

Niambie. Nimekwisha kuwa mtu mzima, sihitaji kushikwa.

Dorothée


Kanyosha, tarehe 31 mwezi wa kwanza 1999

Yaya Dorothée,

Vikwazo wameondoa, ku bandari watu wanaimba, meli zitapita. Nilingojea hii siku mukubwa wa kanisa akuletee habari kwa mudomo. Lakini amehama, na we umesema nikuambie. Kama hii ni kosa, niachie mi.

Ilikuwa tarehe kenda ya mwezi wa sita, saa nane ya muchana. Walipigana ku mulima, bomu moja ikapotea, ikaanguka mbele ya mulango ya Mama. Jirani alikuwa anauza petroli mu chupa. Moto ukaziba mulango. Benite na Mama wakakimbilia jikoni.

Nilikuwa ku lupango yangu. Nimekimbia na posti, yaya! Sijui nilifikiri nini, nimeibeba mpaka pale, na umeme haukuwepo tangu asubui. Nimeitupa. Nimechukua musumeno. Watu wamepiga ukuta na nyundo, haukuvunjika, ukuta ni wa matofali ya kuchoma, nilikuwa nimezamisha vyuma muzuri sana. Benite alishika vyuma kwa ndani ananisaidia kuvuta, na vyuma vilikuwa vimepata moto. Hakuachia. Njo mikono yake.

Nimekata viwili. Benite alipita, ni mwembamba. Mama alimusukuma kwa nyuma. Mama yeye hakuweza kupita ku viwili, ilitaka vitatu. Nilikuwa nusu ya cha tatu. Alinishika mukono kupitia pale, akasema kitu, si kilio, alisema vile anasema siku zote. Aliniambia: "Pumuzika kidogo, umechoka."

Tulimuzika kesho yake Kanyosha. Watu walikuwa wengi. Nusu yao nimewafungia madirisha.

We uliandika, lakini nani alichomelea? Mi nilijua. Nilijua na nikanyamaza juu ya kuogopa kutukanwa. Usichukue yote.

Benite anakungojea. Mi pia.

Cirimwami


Kigoma, tarehe 16 Februari 1999

Mdogo wangu Cirimwami,

Natumaini barua hii itatangulia kufika kuliko mimi. Nimepata nafasi kwenye meli, nitashuka bandari ya Bujumbura Alhamisi ya wiki ijayo, asubuhi. Kichwa cha kukatia ninacho, mipira miwili ninayo. Huyo Pierre wa simenti niachie mimi, nitaongea naye. Na wengine wote, nyumba kwa nyumba, nitaongea nao. Wewe hujui kuomba.

Barua yako ya tarehe 31 imefika. Nilisoma habari ya vikwazo, nikasoma watu wanaimba, nikafika pale uliposema "saa nane ya muchana". Nikaikunja. Nilidanganya niliposema sihitaji kushikwa. Nilitazama hiki chumba, kiti, ndoo, mzigo wa vitenge, nikaona hakuna wa kunizuia nisianguke. Sijaifungua tena. Nimeificha kifuani na nitakuja nayo ilivyo.

Kwa hiyo mimi bado sijaambiwa. Watu wa hapa wananiuliza naenda kufanya nini, nawajibu naenda kumwona mama yangu. Naomba unielewe, sina jinsi nyingine ya kupanda meli.

Njoo na Benite. Njoo na Annick, yeye ana nguvu. Simameni mahali ambapo nitawaona nikiwa bado juu ya meli. Nikishuka usinipokee mizigo wala usinipe mkono, usianze na habari za safari. Nishikeni kwanza, wote watatu, halafu wewe mwenyewe uniambie kwa mdomo wako, polepole, tangu saa nane.

Dada yako,
Dorothée